Tairi linapungua, gari linavuta, taa inawaka: utatuzi wa matatizo ya upepo wa matairi kwa madereva wa Goma

Pita asubuhi kwenye kwado yoyote ya Goma, yaani kwa fundi wa kujaza na kuziba matairi, iwe Majengo, Katindo au Ndosho, utasikia malalamiko yale yale. "Hili la nyuma linapungua tena." "Gari linavuta kushoto." "Taa ya njano haizimi." Fundi anavuta bomba, anajaza, analipwa, gari linaondoka, na kesho kutwa linarudi. Upepo umeongezwa lakini hakuna aliyeuliza ule wa kwanza ulikwenda wapi. Tairi zima, kwenye janti (rimu) nzima, lenye valvu nzima, halimalizi upepo kwa wiki.

Hapa chini dalili zimepangwa moja moja. Kila dalili inaanza na sababu inayotokea mara nyingi na jaribio ambalo utalifanya mwenyewe mbele ya nyumba yako, kisha inaingia ndani zaidi. Palipoandikwa SIMAMA, usiendelee kwa mikono yako, na usiendelee kuendesha.

Kwanza: namba gani, na upime saa ngapi

Namba sahihi haiko kwenye tairi. Yale maandishi ya ubavuni yanayosema MAX PRESS ni kikomo ambacho tairi hilo halitakiwi kuvuka, na kiwanda cha tairi hakijui litafungwa kwenye gari gani. Namba ya gari lako iko kwenye karatasi ya gundi: fungua mlango wa dereva, tazama nguzo ambapo mlango unafungia. Kwenye magari mengine iko nyuma ya kifuniko cha tangi la mafuta, na kwenye kitabu cha gari ipo pia.

Magari mengi tunayoendesha hapa yametoka Japani, na karatasi hiyo imeandikwa Kijapani. Usiogope maandishi, tafuta tarakimu. Utaona saizi ya tairi, mfano 195/65R15, na kando yake 230, kisha ndani ya mabano 2.3. Ile 230 ni kilopaskali. Ile 2.3 ndiyo tunayoita kilo. Kilo na bar zinapishana kidogo sana, zihesabu kuwa kitu kimoja. Kipimo kikiwa cha psi, kilo moja ni kama 14, kwa hiyo kilo 2.3 ni kama 33. Angalia pia kama namba ya mbele na ya nyuma ni tofauti, na kama kuna namba nyingine ya gari lililojaa watu na mizigo.

Vipimo hivi viwili vikichanganywa ndipo mambo yanapoharibika. Fundi anauliza, "Papa, nitie ngapi?" Mwenye gari anajibu, "Weka tatu." Mmoja anafikiria thelathini ya psi, ambayo ni kilo 2.1. Mwingine anatia kilo tatu kamili kwenye gari dogo linalotaka 2.2. Taja namba na kipimo chake: "kilo mbili na pointi mbili".

Pima tairi likiwa baridi, yaani gari limelala au limesimama kwa muda wa saa tatu hivi, au halijatembea zaidi ya kilomita mbili. Asubuhi kabla ya kutoka ndiyo saa nzuri. Nunua kipimo chako mwenyewe, kile kidogo cha mfukoni, ukitumie hicho hicho siku zote. Kipimo cha kwado kinashinda kwenye vumbi na kinaangushwa juu ya mawe kila siku, usikilaumu kikidanganya. Ukipima na chako kisha na chake ukakuta vinapishana kwa 0.3, fuata chako, na fundi mwambie hivyo kwa heshima.

Andika namba nne kwenye karatasi na ya tano ya tairi la akiba, uiweke ndani ya gari. Karibu kila dalili inayofuata inaamuliwa na karatasi hiyo.

Dalili: tairi moja linapungua kila baada ya siku chache

Tairi zima hupoteza mpaka 0.1 hivi kwa mwezi, na hiyo ni kawaida. Moja likipoteza 0.3 kwa wiki na wenzake wametulia, linavuja. Chukua ndoo ya maji, tia sabuni ya unga mpaka itoe povu, na sponji. Paka tairi lote taratibu, sogeza gari nusu mzunguko, paka tena pale palipokuwa chini. Kisha uwe na subira: tundu dogo huchukua dakika nzima kabla ya kutoa mapovu.

Sababu ya kwanza ni msumari, waya au kipande cha chuma, hasa kwa gari linaloshinda mtaa wa Birere na kwenye barabara zenye nyumba zinazojengwa. Ukiuona msumari, usiung'oe hapo. Unaziba tundu lake mwenyewe, nao utakufikisha kwado. Tundu likiwa kwenye uso wa tairi unaokanyaga barabara, na upana wake hauzidi milimita 6, linazibika. Kuziba kuzuri ni kwa ndani: tairi linatolewa kwenye janti, linakaguliwa, linabandikwa kiraka chenye shina linalojaza tundu. Utambi unaosukumwa kutoka nje, ule wengi wanaouita meshi, ni wa kukufikisha nyumbani. Najua wengi wanatembea nao mwaka mzima, lakini anayeutia kutoka nje hajaona ndani pamekatika nini, na maji yanaweza kupita kando yake mpaka kwenye nyuzi za chuma zikaota kutu. Tundu likiwa ubavuni au kwenye kona kati ya uso na ubavu, tairi la gari dogo halizibwi.

Sababu ya pili ni valvu. Fungua kifuniko, weka tone la maji ya sabuni mdomoni mwake. Likivimba, kile kisindano cha ndani kimelegea au kimeingia mchanga. Hapa kwetu ule mchanga mweusi wa volkano unaingia kila mahali, na valvu isiyo na kifuniko inaumeza. Kukaza kisindano ni kazi ya sekunde chache kwa kifaa chake kidogo, na kukibadilisha hakugharimu kitu kikubwa. Mapovu yakitoka chini, pale valvu inapotokea kwenye janti, pinda shina lake kidogo kwa kidole: utaona mipasuko ya mpira uliozeeka. Hiyo haikazwi, inabadilishwa. Kila unapofunga tairi jipya, dai na valvu mpya, maana tairi limeshatolewa na kazi kubwa imekwisha.

Sababu ya tatu ni mdomo wa tairi pale unapokaa kwenye janti. Mapovu hapo huwa madogo madogo, kama povu la kunawia, tena hufuata duara. Kwenye janti ya aluminiamu ni ule unga mweupe wa kutu yake, kwenye ya chuma ni kutu nyekundu au pindo lililopigwa na shimo. Dawa ni kutoa tairi, kusugua pindo la janti kwa brashi ya waya mpaka ling'ae, kufuta vizuri na kurudisha. Janti ya chuma iliyopinda kidogo hunyooka. Ya aluminiamu yenye ufa, iache.

Kuna njia ya mkato inayopendwa: kutia mpira wa ndani kwenye tairi ambalo halikutengenezwa kuwa nao, ili uvujaji usionekane. Siipendekezi kwa gari linalotoka mjini. Mipira miwili inasuguana na kupata joto, na ule wa ndani ukitobolewa upepo hutoka wote kwa mara moja, wakati tairi lisilo na mpira wa ndani hupungua polepole na kukupa nafasi ya kusimama.

Sababu ya nne ni uzee. Tafuta ubavuni herufi DOT na tarakimu nne za mwisho ndani ya kiduara kirefu. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wanaonunua matairi yaliyokwisha kutumika watazame hapo kabla ya kutazama uso wa tairi, maana uso unaweza kuwa mnene na mpira umeshakauka. Mipasuko midogo ubavuni, na umri wa miaka 10 au zaidi, liache huko huko dukani.

SIMAMA kama tairi linapoteza zaidi ya 0.5 kwa usiku mmoja. Funga la akiba, usitembee kwa kujaza jaza njiani. Na kama umetembea juu ya tairi tupu, hata mita mia chache tu, usilijaze kabla halijatolewa na kutazamwa ndani. Ukikuta unga mweusi wa mpira, au mstari uliolika kuzunguka ubavu, tairi hilo limekufa. Nyuzi zake zimevunjika, na linaweza kupasuka ubavu wakati linajazwa, uso wa fundi ukiwa umbali wa mkono mmoja. Kwa matairi ya malori hatari hiyo ni kubwa mara nyingi zaidi. Usisimame mbele ya ubavu, na tairi lijazwe ndani ya kizimba cha chuma kwa bomba refu. Vivyo hivyo, usikubali janti ichomelewe tairi likiwa bado juu yake, hata kama upepo umetolewa, wala mdomo wa tairi ukaliswe kwa petroli na kiberiti. Watu wamekufa kwa njia hizo mbili.

Dalili: matairi yote manne yamepungua pamoja

Mara nyingi ni kwamba hayajapimwa kwa miezi. Sababu nyingine ni saa ya kupima. Jana ulipima saa nane mchana umetoka kazini, leo umepima saa kumi na mbili asubuhi. Usiku wa Goma hushuka mpaka karibu digrii 15 na mchana hufika 25 hivi, na kila digrii 10 hubadilisha kipimo kwa 0.1 au zaidi kidogo. Ongeza joto la kutembea juu yake, na tofauti yako imeelezeka.

Gari lililoletwa kutoka Mombasa au Dar es Salaam huonyesha kinyume, yaani kipimo kinapanda. Goma iko kama mita 1,500 juu ya bahari, hewa ya nje inasukuma kidogo zaidi ya 0.15 pungufu kuliko pwani, na kipimo husoma tofauti kati ya ndani na nje. Pima tairi baridi hapa hapa Goma, weka namba ya karatasi, mambo yamekwisha.

Dalili: baada ya safari kipimo kimepanda

Umetoka Rutshuru, umepima, ulikuwa na 2.3 na sasa ni 2.6. Usiguse. Tairi lililotembea hupanda 0.2 mpaka 0.4, na kiwanda kimelihesabu hilo. Ukitoa upepo ukiwa wa moto, asubuhi utakuta 2.0, na mchana wake utatembea na tairi laini linalojikunja na kupata joto zaidi kuliko jana.

Kitu cha kutazama ni gurudumu moja lenye joto kuliko mengine. Karibisha kiganja bila kugusa janti. Joto likiwa kwenye mpira, tairi hilo lilikuwa na upepo mdogo. Likiwa kwenye janti, na kuna harufu ya kuungua, breki imeng'ang'ania. SIMAMA, liache lipoe bila kulimwagia maji, umwite fundi wa breki.

Dalili: gari linavuta upande mmoja

Linganisha matairi mawili ya mbele kwanza. Tofauti ya 0.4 inatosha kulivuta gari upande wa lile laini. Kama ni sawa, tazama kama yanafanana: jina, saizi na kulika. Jipya kushoto na kipara kulia litavuta, na hakuna upepo utakaolinyoosha.

Kisha fanya jaribio hili: hamisha la mbele kushoto liende kulia, la kulia lije kushoto, isipokuwa kama matairi yana mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzunguka. Ukiendesha na mvuto umehamia upande wa pili, kosa ni tairi. Mvuto ukibaki pale pale, ni mpangilio wa magurudumu au breki, na hapo kwado haina tena kazi. Peleka garaji yenye mashine ya kupima mpangilio.

SIMAMA kama mvuto umeanza ghafla baada ya kuingia shimoni, au unakuja ukikanyaga breki tu. Hapo huenda kuna kilichopinda au breki ya upande mmoja haishiki.

Dalili: tairi linalika vibaya

Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi, gari likiwa limesimama na injini imezimwa. Kingo zote mbili zimelika na katikati pamebaki: umetembea muda mrefu na upepo mdogo. Katikati pamelika na kingo zimebaki: upepo mwingi. Ukingo mmoja tu umelika: mpangilio wa magurudumu. Mabonde mabonde: shokapu zimechoka au magurudumu hayakusawazishwa kwa vipande vya risasi, vile vizito vidogo vinavyofungwa kwenye janti. Ndani ya mifereji kuna vijivuko vidogo vya mpira, vyenye urefu wa milimita 1.6. Uso ukilingana navyo, tairi limekwisha, na mvua yetu hailisamehe.

Hapa kuna ubishi wa Goma ambao haujaisha. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ile ya Mei 2021 ikafika pembezoni upande wa kaskazini, na vichochoro vingi tunavyopita ni mawe hayo hayo yenye makali. Madereva wengi husema: tia upepo mwingi, tairi gumu halikatwi. Siyo hivyo. Tairi lililojaa kupita kiasi haliwezi kulikunjia jiwe, kwa hiyo uzito wote unakaa kwenye lile kali moja, na mpira uliovutwa hukatika upesi. Wengine hutoa upepo ili gari lisiruke. Hilo nalo lina gharama yake: jiwe husukuma tairi mpaka lifike kwenye pindo la janti, na mpira hubanwa katikati. Utaona alama mbili za kukatwa zikienda sambamba, moja ya jiwe na moja ya janti. Kwa gari la kawaida la mjini, namba ya karatasi ndiyo inayostahimili mawe kuliko zote mbili. Kinachookoa tairi kwenye lava ni mwendo: shuka mpaka wa mtu anayetembea, pandisha uso wa tairi juu ya jiwe, usiliache jiwe likwaruze ubavu.

Dalili: uvimbe au mkato ubavuni

Dalili hii haina hatua za kujaribu. Uvimbe maana yake nyuzi za ndani zimekatika na kilichobaki kuzuia upepo ni mpira peke yake. Linaweza kukaa mwezi, linaweza kupasuka leo jioni. Mkato unaoonyesha nyuzi ni vivyo hivyo. SIMAMA, funga la akiba. Atakayekuambia analishona au analibandika, mshukuru na uondoke. Chukua fursa hiyo kutazama pia ubavu wa ndani, ule unaoelekea chini ya gari, kwa sababu mawe hayachagui upande na hakuna anayeutazama.

Dalili: taa ya njano yenye alama ya mshangao

Taa yenyewe inafanana na tairi lililokatwa kutoka ubavu mpaka ubavu, na alama ya mshangao katikati. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana taa hii. Yaliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani tangu 2008 na ya Ulaya tangu 2014 huwa nayo.

Ikiwaka na kutulia, upepo umepungua kwa robo hivi. Pima yote. Ukishajaza, tembea kilomita chache. Isipozima, tafuta kitufe au menyu ya kuiweka upya, maana magari mengine hayapimi upepo wenyewe bali hulinganisha mzunguko wa magurudumu, na lazima yaambiwe kwamba sasa ni sawa. Ikimetameta kama dakika moja kila unapowasha gari kisha ikabaki, kosa ni la kifaa: betri ya kihisi kilicho ndani ya gurudumu huisha kwa miaka 5 mpaka 10. Mwambie fundi wa kwado kuhusu kihisi hicho kabla hajaingiza chuma chake kwenye mdomo wa tairi, maana kimekaa karibu na valvu na huvunjika kwa mkwaju mmoja.

Dalili: usukani unatetemeka baada ya kutoka kwado

Kaza nati kwanza, gari likiwa chini, kwa mtindo wa kuvuka: moja, kisha ya mkabala wake. Gurudumu lolote lililofunguliwa lirudiwe kukazwa baada ya kilomita 50 mpaka 100. Ukikuta nati imelegea kabisa au tundu lake kwenye janti limepanuka, SIMAMA hapo hapo. Nati zikiwa salama, tazama ndani ya janti: tope lililokauka linatosha kutetemesha usukani. Likishaoshwa na bado unatetemeka, huenda vipande vya risasi vimedondoka.

Dalili: tairi la akiba nalo halina upepo

Lipime asubuhi ile ile unapopima mengine. La saizi kamili lijaze mpaka namba ya juu kabisa iliyo kwenye karatasi ya mlangoni, ni rahisi kutoa njiani kuliko kuongeza. Lile jembamba la muda linataka kilo 4.2, nalo limeandikwa hivyo ubavuni pamoja na mwendo wake wa mwisho, kilomita 80 kwa saa. Kwenye lava litembeze polepole kabisa, na liwe la kukufikisha kwado tu.

Kwenye magari ambayo la akiba linaning'inia chini kwa mnyororo, tope na kutu hushika mnyororo huo mpaka siku unapouhitaji ukakataa kushuka. Literemshe kila baada ya miezi michache, ulipime, upake mnyororo grisi, ulirudishe, na uhakikishe spana ya kuliteremshia bado imo ndani ya gari.